Mashua Si Kabati

Mume wangu Cyprien hawezi kupita karibu na kitu kilichofifia akakiacha. Atakigusa kwa kidole, atakipulizia pumzi, atakifuta kwa mkono wa shati ambalo mimi nimetoka kulifua, kisha atasema, "Hii iko na mwangaza ndani. Imelala tu." Nimelisikia neno hilo tangu aliponioa. Amelisema juu ya meza za watu, juu ya kiti cha padri, juu ya mguu wa mti wa katekista wetu, na siku moja alilisema juu ya jeneza.

Jeneza lile lilikuwa la jirani. Wenye msiba walimwomba alisugue kidogo tu, lisionekane la kimaskini. Cyprien alisugua mpaka waombolezaji wakaona nyuso zao ubavuni, na binti wa marehemu, aliyekuwa akilia vizuri kabisa, akanyamaza akaanza kujifunga kitambaa chake upya. Sikujua niangalie wapi. Cyprien yeye aliangalia jeneza.

Kazi hiyo alifundishwa na mabruda wa mission, kwetu Maniema, alipokuwa kijana asiye na baba wala mama. Walimpa kitambaa chenye pamba ndani, wakamwonyesha kuchovya katika dawa yao na kusugua kwa kuzungusha, taratibu, bila kusimama. Dawa yenyewe ni magamba ya rangi ya asali yanayoyeyushwa katika alkoli. Wao waliiita gomme-laque. Ukipaka na kusugua, ukapaka tena na kusugua, mti unawaka kama kioo. Kwa kazi hiyo alipanda treni mpaka Stanleyville, mji ambao sisi tunauita Kisangani, akapata mahali katika karakana ya samani karibu na bandari. Kabati za mjini nyingi zimepita mikononi mwake. Hilo simnyimi. Kwa kabati, Cyprien ni fundi.

Basi binti yetu Viviane akachumbiwa na Dominique, mtoto wa watu wa mto, kutoka Yanonge. Baba yake, Papa Faustin, alikuwa na baleinière, yaani mashua ndefu ya mbao yenye mota nyuma, iliyobeba chumvi, vitambaa na watu, ikishuka na kupanda. Mashua hiyo aliipa jina la mke wake, ADÈLE, herufi nyeupe mbele, kulia na kushoto. Ilikuwa imekubaliwa kwamba siku ya ndoa Viviane ataingia Yanonge ndani ya ADÈLE. Na watu wa mto, kabla hawajamtazama bibi arusi, wanatazama amekuja na chombo gani. Wanawake wanakuwa wamesimama pwani ya mto tayari. Wimbo wanautunga palepale, kwa kile wanachokiona. Wakiona kizuri wanaimba kizuri. Wakiona kibaya, mtoto wako atazeeka na wimbo huo.

ADÈLE ilikuwa mashua imara, lakini mbao zake za juu, zile zisizopakwa lami, jua na mvua vilikuwa vimezila. Zilikuwa za kijivu, kavu, kama mfupa uliosahauliwa nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumekaa barazani kwetu, bakilo wote, yaani wakwe, mmoja ni bokilo, tumekula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, mambo yamekwenda salama, na mimi nimeanza kupumua. Ndipo Cyprien alipoinuka, akateremka mpaka mtoni, akaigusa mashua waliyokuja nayo kwa kidole.

Nikasema moyoni: Bwana, usimwache aseme.

"Papa Faustin," akasema, "hii iko na mwangaza ndani. Imelala tu. Niachie. Nitaifanya kwa mikono yangu, na dawa yangu. Wewe hapana leta kitu hata kimoja. Ni zawadi yangu kwa bokilo."

Papa Faustin ni mtu mpana, wa maneno machache. Alimtazama Cyprien, akatazama mto, akamtazama mke wake Mama Adèle. Nilimwona Mama Adèle akitikisa kichwa kidogo sana, namna mtu anavyofukuza nzi.

"Merci mingi, bokilo," Papa Faustin akasema. "Bon. Mashua inapenda maji, lakini."

"Nitaiweka pakavu kabisa," Cyprien akamjibu kwa furaha.

Wakaivuta mpaka kwenye kibanda cha majani nyuma ya nyumba yetu, ambako Cyprien alikuwa akikaushia mbao. Kabla ya kuondoka, Papa Faustin aliingia ndani ya mashua akatoa makasia, kamba na nanga. Kopo moja la bati, kubwa, lenye kutu kwenye mdomo, hakulitoa. Alilisukuma kwa mguu kutoka chini ya benchi la nyuma mpaka katikati, mahali pa kupita watu, akasimama kidogo, kisha akashuka. Mimi nilimwona. Nilidhani ni mafuta ya mota, nikafikiri huyu mzee amesahau kitu chake, nikasema nisiseme, nisije nikaonekana mwanamke wa kukagua mizigo ya wakwe.

Cyprien alianza kesho yake baada ya kutoka karakana. Alipiga msasa mpaka vumbi likaingia kwenye pondu yangu, mboga ya majani ya muhogo. Alipofika mbao za juu mkono haukufika, akatafuta kitu cha kukanyaga, akaona lile kopo. Akalishusha chini, akalisimamia. Tangu siku hiyo kopo likawa ngazi yake. Akisugua mbele, kopo liko mbele. Akisugua nyuma, analiburuta nyuma.

Niseme ukweli: ilipendeza. Ubao ulitoka rangi ya chai iliyokolea, na juu yake mng'aro ambao sijauona hata kwenye magari ya Wazungu. Watu walianza kuja kutazama. Walisema, "Papa Viviane, wewe iko na mukono!" Yeye anajibu hakuna kitu, ni kazi kidogo, huku anazunguka mashua kuangalia wanasimama wapi na wanaona nini. Alipaka hata mabenchi. Alipaka hata ndani, mahali ambapo magunia ya chumvi yatakaa.

Kila jioni Dominique, aliyeachwa kwa jamaa zake mjini ailinde mashua, alikuja na ndoo. Alikuwa kijana wa adabu, mweusi wa jua la mto. Anachota maji, anakuja mpaka kibandani, na kila jioni Cyprien anamzuia.

"Ile ndoo inaenda wapi?"

"Ni ya mashua, papa. Tunamwanga maji ndani kidogo, mbao zisijifungue."

"Kumwanga maji? Juu ya polisi yangu, huu mung'aro? Mutoto wangu, umekwisha kuona mutu anamwanga maji ndani ya kabati?"

"Hapana, papa."

"Alors, basi!"

Na Dominique anasimama pale na ndoo yake. Hawezi kubishana na baba mkwe. Anamwaga maji kwenye migomba yangu, anaaga, anakwenda.

Mimi nilikuwa kwenye moshi wa chungu, naona yote. Lakini kwa desturi yetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemi moja kwa moja mpaka ndoa ipite. Ukiwa na neno, unamtafuta wa kati. Viviane hakuwapo, alikuwa kwa mshonaji. Nikamgeukia kuku wangu mmoja mwekundu aliyekuwa akiparua karibu na jiko.

"Wee kuku," nikasema kwa sauti, "mbao zikijifungua, kunakuwa nini?"

Dominique akasimama, akatazama migomba. "Kuku," akasema, "umwambie mama kwamba mbao ya mashua ikikauka inanywea. Nafasi inafunguka katikati ya mbao. Ukiiteremsha mtoni, inakunywa maji."

"Kuku, na ile dawa ya papa, nyinyi watu wa mto mnaijua?"

Hapo kijana aliinua ndoo yake tupu. "Kuku," akasema mwisho, "mimi ni mutoto. Papa iko fundi."

Mtu akikwambia hivyo, amekwambia yote.

Nikamwambia Cyprien tukiwa mezani. "Papa Viviane, hii dawa inajua maji?"

"Dawa inajua mti. Mti ni mti."

"Kabati linakaa chumbani. Hii itakaa mtoni."

"Mama Viviane, nani kati yetu alifundishwa na mabruda?"

"Mabruda wako walikuwa na mashua?"

Akaongeza tonge kinywani. Cyprien akishindwa anatafuna sana.

Aliyetufunulia mambo alikuwa Fatouma, jirani yangu, mwanamke wa Kiislamu wa kwetu Maniema pia, mwenye mdomo usiojua mlango. Alikuwa anapanda kutoka mtoni na beseni la nguo kichwani, maji yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Akasimama kutazama mashua kama wengine.

"Eee! Papa Viviane! Hii ni mashua ao ni kitanda cha bibi arusi?"

Akaegemea ubavu wa kushoto, karibu na nyuma, kwa mkono wake wenye maji, beseni likiwa juu, akaanza kunisimulia habari za mke mwenza wake. Habari zilikuwa ndefu. Alipoondoa mkono, nikaona.

Pale palikuwa na mkono mweupe. Vidole vyote, kiganja, hata pete. Mweupe kama mtu ameuchora kwa chokaa.

Fatouma akautazama mkono wake, akautazama ubao. "Mama yangu! Mimi nimefanya nini?"

Cyprien alikuja mbio. Akafuta kwa shati, haukutoka. Akapuliza, haukutoka. "Fatouma! Una nini kwenye mikono? Ni sabuni gani hiyo mnafulia?"

"Sabuni ya batu wote! Mbona sufuria zangu hazikugeuka?"

"Umeniharibia kazi!"

"Mukono ya mwanamuke inaharibu mashua? Na mawimbi je, utayaambia nini? Utayaambia hapana gusa?"

Wakati wanagombana nilichukua maji kikombe kimoja, maji safi ya kunywa, hayajui sabuni. Nikasema, "Papa Viviane, tazama huku." Nikayamwaga juu ya ubao mbele ya macho yake. Tukasubiri. Fatouma alinyamaza, na hilo peke yake lilikuwa la ajabu. Polepole ubao ukaanza kupata ukungu, kisha ukawa mweupe kama macho ya kipofu.

Ningetegemea mtu mwenye akili aseme, "Nimekosea." Cyprien alileta alkoli yake, akasugua mahali pa kikombe, weupe ukapotea, mng'aro ukarudi. Akanigeukia amefurahi.

"Unaona? Ni unyevu tu. Inatoka."

"Itatoka namna gani katikati ya mto? Utakaa ubavuni na kitambaa chako mpaka Yanonge?"

"Nitaongeza mikono miwili mitatu ya dawa, tabaka juu ya tabaka. Itakomaa."

"Na mkono wa Fatouma?"

"Ule nitautoa kesho."

Hakuutoa kesho. Alikuwa na haraka ya kuongeza dawa upande mwingine. Na mimi nilikuwa sipati raha tena. Nikichambua pondu naona wanawake wa Yanonge wamejipanga. Nikisali naona Viviane wangu, na gauni lake na maua yake, anashuka kutoka kwenye mashua yenye mabaka kama mtu mwenye ukoma, na sauti moja inaanza wimbo. Nikawaza pia jambo la pili, baya kuliko la kwanza: mashua haikuwa yetu. Tulikuwa tumechukua jina la Mama Adèle, mke wa mtu, tunalitia ugonjwa.

Jumapili ya mwisho kabla ya ndoa tulikwenda misa. Mbingu ilikuwa nyeupe tangu asubuhi. Padri alipoanza mahubiri, mvua ikapiga bati, mvua ya upepo, inayokuja kwa ubavu. Nilimtazama Cyprien upande wa wanaume. Alikuwa ameinamisha kichwa, watu wakadhani anatubu. Nilijua anapima kibanda chetu: majani yake yanafika wapi, upepo unatoka wapi.

Tulirudi tumelowa wote wawili. Hatukuingia nyumbani.

ADÈLE ilikuwa nyeupe. Kushoto nzima, kulia nusu, mabenchi, ndani. Ule weupe haukuwa hata wa sawasawa. Ulishuka kwa mistari kama maziwa yaliyofurika kwenye chungu. Kitu pekee kilichokaa wazi katikati yake kilikuwa mkono wa Fatouma, kwa sababu ulikuwa mweupe zaidi.

Cyprien akakaa juu ya kopo lake. Hakusema unyevu. Hakusema mabruda. Alishika kitambaa chake cha kusugulia, akakizungusha mikononi bila kugusa kitu, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Mtu ambaye hakuachiwa kitu na wazazi wake, alichonacho ni kitambaa hicho. Alitaka kumpa mkwe kitu ambacho hakinunuliwi. Nilielewa. Lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira ilikuwa mbele.

"Sasa?" nikasema.

"Sijui."

"Ulimwambia mtu hapana leta kitu hata kimoja!"

"Nilisema, ndiyo. Sasa unataka nifanye nini, niingie mtoni?"

Lakini macho yangu yalikuwa yameshuka kwenye kopo. Mdomoni mwake, chini ya kutu, palikuwa na michirizi ya zamani iliyokauka, ya rangi ya asali, kama ya dawa yake. Mvua ilikuwa imeipiga pia. Lakini juu ya michirizi hiyo matone ya maji yalikuwa yamesimama, duara, safi, kama yanavyosimama kwenye jani la magimbi. Chini yao hapakuwa na ukungu. Nikayafuta kwa kidole. Palikuwa panang'aa.

"Inuka," nikamwambia.

"Niache kidogo, Mama Viviane."

"Inuka, Cyprien!"

Simwiti kwa jina lake mara nyingi. Akainuka. Nikachukua kijiko cha zamani, nikakifungua kile kifuniko. Juu palikuwa na ngozi ngumu, nikaitoboa. Chini yake kulikuwa na kitu kizito, chekundu, chenye harufu ya mafuta na ya msitu. Cyprien akaingiza kidole, akanusa. Nikaona uso wake unabadilika mara mbili.

"Verni," akasema. "Verni ya mafuta, dawa isiyoogopa maji. Ya mashua."

"Imekuwa chini ya miguu yako muda huu wote."

"Sababu gani hakuniambia?"

"Atakuambia nini? Wewe ulisema mikono yako, na dawa yako. Bokilo akitoa dawa yake mbele yako, amekuambia yako ni bure. Aliliacha katikati ya njia ulione mwenyewe. Alilisukuma kwa mguu, nilimwona. Wewe ulilifanya ngazi!"

Alicheka, na mimi nikakasirika zaidi kwa sababu nilitaka kucheka pia.

Jioni ile Dominique alikuja, na ndoo yake. Aliona mashua. Midomo yake ilifungika kama mlango wa duka.

"Kuku," nikasema, ingawa kuku alikuwa ameshapanda kulala na nilikuwa nasema na ukuta, "lile kopo lilitoka wapi?"

"Kuku, papa alilinunua mjini. Ni kopali, utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Mama Adèle alipokuwa msichana, yeye na dada zake walikuwa wanaingia kwenye mabwawa, wanachoma matope kwa mkuki, wanasikia kopali chini, wanaichimba. Iliuzwa kwa Wazungu, ikaenda Ulaya, ikarudi ndani ya makopo. Papa anasema mama ananunuliwa kopali yake mwenyewe."

"Kuku, linatosha mashua nzima?"

"Linatosha upande mmoja. Na kila mkono wa verni unataka siku yake ya kukauka."

Upande mmoja. Nilikaa nikafikiri. Kisha nikauliza swali ambalo, mpaka leo, nadhani ndilo lililomwokoa mtoto wangu.

"Kuku, mashua ikifika Yanonge, inalaza ubavu gani pwani?"

Dominique hakuhitaji kufikiri. "Kulia. Tunateremka, tunageuza kichwa cha mashua kuelekea juu, mto unakotoka, mkondo uishike. Kulia ndiko kunakoelekea watu."

Nikaenda kumwambia Cyprien tunafanya kulia. Unajua alinijibu nini? Kwamba fundi huanza kushoto. Ndivyo mabruda walivyomfundisha, kushoto kwenda kulia, kama kusoma. Tena kushoto ndiko palikoharibika zaidi, na haiwezekani kuacha palipoharibika zaidi ukatengeneze palipo nafuu.

"Papa Viviane," nikasema, "mimi nimebeba mtoto huyu tumboni. Utaanza kulia, ao nitapaka mwenyewe kwa ufagio."

Akaanza kulia.

Ilibidi kutoa kila kitu alichokuwa amekiweka, kwa alkoli na vitambaa, mpaka mti wenyewe. Ilibidi msasa tena. Verni ya mto haitaki kusuguliwa kwa kuzungusha. Inataka brashi, mkono mmoja mrefu, kisha uiache. Kuiacha ndiko kulikomshinda. Mara tatu nilimkuta na kitambaa chake amesimama karibu, ananong'ona na ubao, na nikamfukuza kama mbuzi kwenye mihogo. Kila jioni Dominique alimwaga ndoo yake ndani, na Cyprien aligeuza uso asione. Matone yaliyoruka ubavuni kulia yalisimama duara, yakaanguka.

Kushoto alipapangusa palipowezekana. Alkoli ilikuwa imekwisha kabla hajafika nyuma.

Siku ya safari, ADÈLE ikiwa mtoni tangu jana yake ili mbao zinywe, wanawake wa mtaa walishuka kutuaga. Kwetu tuko ng'ambo ya pili, mashua inalaza ubavu wa kushoto, kwa hiyo Kisangani yote iliona upande mbaya. Viviane alipanda akiwa ameshika gauni, mimi nikafuata na vyungu, nikijifanya sioni watu wanavyoona. Dominique akavuta kamba ya mota. Tulipoachia pwani, sauti ya Fatouma ikapita sauti zote.

"Batu wote, tazameni! Mukono yangu inaenda ndoa! Fatouma anabaki, mukono yake imealikwa!"

Ulikuwa bado pale nyuma, vidole vyote, na pete. Alikuwa anaupungia mkono kwa mkono wake. Watu walicheka mpaka tukazunguka kisiwa. Cyprien alikaa mbele, hakugeuka.

Njia nzima sikula. Kila wimbi lililogonga ubavu wa kulia nililisikia mgongoni. Niliinama mara kwa mara kutazama, na kila nilipotazama ubao ulikuwa uleule, mwekundu, mtulivu, na maji yanautoka. Viviane aliniambia, "Mama, kaa, utaanguka mtoni, na hakuna mtu atakayeoa leo." Nikakaa. Kisha nikainama tena.

Yanonge ilianza kwa sauti kabla ya watu. Walikuwa wamejipanga kama nilivyoota, mstari mrefu wa wanawake, vitambaa kichwani, mikono tayari. Dominique akaipitisha mashua chini yao, akaigeuza kichwa juu, na mkondo ukaishika. Kulia kukawaelekea. Jua lilikuwa mbele ya ubavu. Nikaona mwangaza wa maji unakimbia juu ya mbao zetu, unapita kwenye herufi za jina, unaingia kwenye nyuso zao.

Macho yao yakafuata jina, herufi kwa herufi.

Kisha mwanamke mmoja mzee akainua mkono akaanza. Aliimba kwamba Adèle amekuwa msichana tena, amerudi kumchukua mke wa mtoto wake. Wengine wakaitika. Mama Adèle alifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake, akaja ndani ya maji na viatu vyake kumpokea Viviane. Nililia. Nililia vibaya, bila kitambaa, na sikuona aibu.

Lakini mimi ni mtu wa kutazama, na nilimwona Papa Faustin. Wakati wote wanaimba, yeye aliikunja suruali, akaingia mtoni mpaka magotini, akazunguka nyuma ya mashua kwenda upande wa pili. Cyprien naye alimwona. Akateremka akamfuata, polepole, kama anakwenda kuungama. Nikawafuata kwa macho kutoka ndani.

Papa Faustin alisimama mbele ya ubavu wa kushoto. Alitazama mistari ya maziwa. Alitazama mabaka. Akafika nyuma, akaukuta mkono. Akaweka mkono wake mwenyewe juu ya ule wa Fatouma, akapima. Wa kwake ulikuwa mkubwa. Bokilo hawezi kumlaumu bokilo. Nilimwona anatafuta neno.

"Papa Cyprien," akasema mwisho, "upande huu umeniachia mimi?"

"Dawa yako ilikwisha," Cyprien akasema. Kisha, kwa kuwa si mtu mbaya, "Na yangu haifai."

"Bon. Ungemaliza pande zote mbili, ungerudi Yanonge kufanya nini?" Papa Faustin akacheka mpaka maji ya magotini yakatikisika. "Nitatafuta kopo lingine. Mara hii nitakupa mkononi."

Ndivyo ilivyokwisha, na mtu angesema imekwisha vizuri. Viviane alikaa vizuri kwa watu wale. Wimbo wake ni mzuri, na bado unaimbwa. Lakini Cyprien aliyachukua maneno ya Papa Faustin kama mkataba. Tangu mwaka ule, mvua zikipungua, anafunga brashi zake kwenye gazeti na kushuka Yanonge kutengeneza upande wa kushoto. Na akimaliza kushoto, kulia kunakuwa kumefifia, kwa hiyo lazima arudi. Wamekuwa marafiki wasioweza kuachana, na mimi nabaki na nyumba, na karakana inayouliza yuko wapi.

Juzi alirudi na kopo lenye mabaki ya verni. Nilimkuta chumbani, amesimama mbele ya kabati langu la nguo, kidole kwenye mlango.

"Hapana," nikamwambia.

"Mama Viviane, hii iko na mwangaza—"

"Liko chumbani! Halijui mto! Liache lilale!"